Mwalimu wa Kusoma Naye Asome

Wako kati yetu wanaofikiri kwamba kufundisha kusoma ni kazi ndogo. Husema: kila ajuaye a, e, i, o, u aweza kuifanya. Basi tusimulie habari za mwanamke mmoja wa Marekani, kisha tuone kama ni kweli.

Jeanne Chall alizaliwa mwaka 1921 katika nchi ya Polandi. Alikuwa bado mtoto jamaa yake walipohamia New York. Alisoma hata akapata udaktari mwaka 1952. Neno moja lilimsumbua: kwa nini watoto wenye akili wanashindwa kusoma?

Siku zile waalimu wengi wa Marekani walimwonyesha mtoto neno zima, alitambue kwa sura yake. Wengine walitaka afundishwe kwanza sauti ya kila herufi. Ugomvi ulikuwa mkali. Chall alikusanya uchunguzi uliofanywa tangu 1912 hadi 1965, akatembelea madarasa mengi. Mwaka 1967 akatoa kitabu: wanaofundishwa mapema sauti za herufi husoma vizuri zaidi. Wataalamu wengi hawakupendezwa, lakini yeye hakugeuza neno.

Mwaka uleule alianzisha katika chuo kikuu cha Harvard mahali pa kujifunzia kazi hii, akapaongoza hadi 1991. Walikuja waalimu wenye diploma ya kwanza, wakitaka kuwa mabingwa wa kusoma. Walijifunza mambo ya lugha na ya akili ya mtoto. Lakini vitabu havikutosha: walipaswa kukaa na mwanafunzi aliyeshindwa, kumsikiliza akisoma, na kutafuta alipokwama.

Mtauliza: kuna nini cha kutafuta? Mtoto mmoja hajui sauti za herufi. Mwingine asoma bila kosa, lakini maana ya maneno haijui. Chall aliona kwamba watoto wa maskini walianza kurudi nyuma karibu na mwaka wa nne, maneno ya vitabu yanapokuwa magumu. Ugonjwa si mmoja, dawa nayo si moja. Kuutambua ugonjwa, ndiyo elimu ya bingwa.

Chall alifariki mwaka 1999. Nasi je? Ni wangapi walioitwa wajinga mbele ya wenzao, wakaacha shule, na hakuna aliyewauliza wamekwama wapi? Wazazi na waalimu, mtoto akikwama kitabuni, tusikimbilie fimbo. Tuketi karibu naye, tumsikilize kwanza.