MIFUGO IKIUGUA SERIKALI INAKUSAIDIA NINI? SOMA KABLA MVUA HAZIJAJA



Leo tuongee habari ya mifugo. Najua kuna mtu keshashika mausi afunge, anasema mimi mtoto wa mjini, ng'ombe namjua kwenye mshikaki tu. Subiri kidogo. Wangapi humu ada yao ya sekondari ililipwa na beberu aliyeuzwa mnadani? Wangapi ukiomba nauli nyumbani unaambiwa "ngoja mnada upite"? Basi mada inakuhusu.

Swali lenyewe ni fupi. Siku ugonjwa ukiingia zizini, au serikali ikifunga mnada kwa sababu ya ugonjwa, mfugaji anapata nini? Ukiuliza kijiweni wengi watakujibu "fidia". Jibu la kweli ni tofauti, na ni bora ulijue sasa kuliko ulijue siku umekwama.

1. TUANZE NA JANUARI 2007

Mwishoni mwa 2006 ulikuwa msimu wa El Niño, mvua zikanyesha kupita kiasi Afrika Mashariki. Desemba wagonjwa wakaanza kuonekana Garissa, kaskazini mashariki mwa Kenya. Januari 2007 ugonjwa ukawa umeshaingia Tanzania. Ulikuwa Homa ya Bonde la Ufa, maarufu kama RVF. Jina hilo limetokana na kwamba ulitambuliwa mara ya kwanza kwenye shamba karibu na Ziwa Naivasha, miaka ya 1930 na 1931.

Ugonjwa huu unaenezwa na mbu. Mbu wenyewe wana mayai yanayoweza kukaa kwenye udongo mkavu miaka mingi, yanasubiri mafuriko tu. Ndiyo maana RVF inapotea mpaka watu wanaisahau, halafu inarudi na mvua kubwa: 1997 na 1998, kisha 2006 na 2007. Dalili kubwa ni kondoo, mbuzi na ng'ombe kutupa mimba kundi zima kwa wakati mmoja, na ndama na wanakondoo kufa. Binadamu anaweza kuupata kwa kuumwa na mbu, lakini wengi wanaupata kwa kugusa damu ya mnyama mgonjwa: wakati wa kuchinja, kuchuna, au kumsaidia mnyama kuzaa. Maziwa mabichi nayo ni hatari.

Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, Tanzania kati ya Januari na Mei 2007 waliugua watu 264, wakafa 109. Kenya waliugua 684, wakafa 234. Dodoma ilikuwa kati ya mikoa iliyopigwa sana. Kwa hiyo jamani, serikali kuzuia uchinjaji na kufunga minada haikuwa uonevu. Watu walikuwa wanakufa.

Sasa angalia kalenda. Januari! Mwezi wa ada, sare na madaftari, na wakati huohuo mnada umefungwa. Watu wa mjini nao wakaiogopa nyama ya ng'ombe, wakahamia kwenye kuku na samaki. Mfugaji ambaye hakuwa na hata mbuzi mmoja mgonjwa alikwama sawasawa na yule ambaye kundi lake limekwisha. Kwa Kenya peke yake, watafiti walikadiria hasara ya zaidi ya shilingi za Kenya bilioni 2.1, na humo hawamo wafugaji tu. Wamo wafanyabiashara wa mifugo, wenye machinjio, wauza nyama na vibarua wao.

Hiyo Januari iweke kichwani. Sasa tupitie kimoja kimoja kile ambacho serikali inampa mfugaji.

2. CHANJO

Hapa ndipo msaada wa serikali umefanya kazi kubwa kuliko mahali pengine popote. Wazee wanaikumbuka sotoka ya ng'ombe, ugonjwa uliofagia mifugo ya Afrika miaka ya 1890 na kuacha njaa nyuma yake. Leo haupo. Mwaka 2011 dunia ilitangaziwa kwamba umetokomezwa kabisa, na mara ya mwisho kuonekana ilikuwa Kenya, mwaka 2001. Haukuisha wenyewe. Ulimalizwa na chanjo ya miaka mingi iliyolipiwa na serikali na wafadhili, na chanjo iliyofanya kazi hiyo ilitengenezwa na Walter Plowright na wenzake pale Muguga, Kenya.

Kwa Tanzania, Juni 2025 Rais Samia alizindua huko Bariadi, Simiyu, kampeni ya chanjo na utambuzi wa mifugo. Ni mpango wa miaka mitano wa shilingi bilioni 216. Ng'ombe wanachanjwa homa ya mapafu, mbuzi na kondoo wanachanjwa sotoka yao, na kuku wa asili wanachanjwa kideri na magonjwa mengine. Kwa ng'ombe, mbuzi na kondoo serikali inabeba nusu ya gharama: ulipozinduliwa mfugaji alitakiwa kulipa shilingi 500 kwa ng'ombe na 300 kwa mbuzi au kondoo. Kuku ni bure.

Ila angalia orodha hiyo vizuri: RVF haimo. Na chanjo ya RVF ina masharti yake. Ile ya zamani, iitwayo Smithburn, inaweza kumfanya mnyama mwenye mimba aitupe. Tena ugonjwa ukishaanza, kuchanja kundi zima kwa sindano zilezile kunaweza kuusambaza zaidi. Kwa maana hiyo chanjo hii inatakiwa ifike KABLA ya mafuriko. Mwaka 2006 wataalamu wanaosoma picha za satelaiti walitoa tahadhari wiki kadhaa kabla ya wagonjwa wa kwanza. Wiki kadhaa hazitoshi kununua chanjo, kuisafirisha kwenye baridi mpaka vijijini na kuchanja mamilioni ya mifugo.

3. KARANTINI

Hiki ndicho chombo serikali inachokifikia haraka kuliko vyote. Ugonjwa ukithibitishwa, mifugo haitoki eneo hilo, minada inafungwa, vibali vya kusafirisha havitolewi. Tanzania ina Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003, Kenya nayo ina yake. Sheria hizi pia zinakutaka utoe taarifa ukiona ugonjwa.

Kisayansi karantini ni sahihi. Tatizo ni nani anailipia. Wanaofaidika ni wote: mlaji wa mjini, mfugaji wa wilaya ya pili, hata nchi inayotaka kuuza nyama nje. Anayebeba mzigo ni yule aliyefungiwa. Mbuzi anaendelea kula, dawa zinaendelea kununuliwa, mkopo unaendelea kudaiwa, na hakuna kinachoingia.

Hapo ndo unakuta mtu anapitisha mifugo usiku kwa njia za panya. Tukimwita mhalifu tunakuwa tumesema ukweli nusu tu. Nusu ya pili ni kwamba ana mtoto anayerudishwa nyumbani kwa ada. Na mbuzi aliyepita usiku akiwa na virusi, karantini yote imekuwa bure.

4. FIDIA

Tuelewane hapa maana ndipo penye uvumi mwingi. Kwa kawaida fidia ya ugonjwa wa mifugo, pale inapokuwepo, ni ya mnyama ambaye SERIKALI imeamuru auawe ili ugonjwa usisambae. Mnyama aliyekufa mwenyewe zizini usitegemee kulipwa. Na soko lililofungwa miezi mitatu, hasara ni yako.

Cha kushangaza, Tanzania ng'ombe wako akiuawa na simba kuna kanuni za kifuta jasho. Hela si nyingi na wengi wanalalamika inachelewa, lakini angalau kuna fomu ya kujaza. Ng'ombe huyohuyo akiuawa na homa, hakuna.

Kuna mtu atasema fidia ni mambo ya Wazungu wenye hela. Sawa, tuwaangalie haohao. Februari 2001 Uingereza iliingiliwa na ugonjwa wa miguu na midomo. Mpaka kesi ya mwisho mwezi Septemba, maeneo 2,026 yalikuwa yamethibitishwa kuwa na ugonjwa na zaidi ya wanyama milioni 6 wakauawa, wengi wao wazima kabisa, waliuawa ili kuuzuia usisambae. Jeshi liliitwa kusaidia. Uchaguzi mkuu uliotarajiwa Mei ukasogezwa mpaka Juni. Fidia ya wanyama waliouawa ilizidi pauni bilioni moja.

Lakini hata huko, na hela zote hizo, mfugaji ambaye mifugo yake haikuugua ila ilizuiwa kutoka hakulipwa kwa kukosa soko. Kondoo walikwama mbali na nyumbani, malisho yakaisha, wakazaa kwenye matope. Ikabidi serikali ianzishe mpango mwingine wa kuwachukua na kuwaua wanyama waliokwama kwa malipo. Wenye nyumba za wageni vijijini, ambao wateja wao walipotea, hawakupata fidia ya hasara hiyo.

Kwa hiyo tatizo letu si umaskini peke yake. Popote duniani ni rahisi serikali kumhesabu mnyama aliyekufa kuliko kumhesabu mtu aliyezuiwa kuuza.

5. BIMA NA MIKOPO

Kenya walianza bima ya mifugo inayotumia satelaiti huko Marsabit mwaka 2010, na 2015 serikali yao ikaanza kuwalipia ada ya bima wafugaji wa kaskazini, kuanzia Turkana na Wajir. Ni kitu kizuri sana, ila kielewe: satelaiti inaangalia majani. Majani yakipungua kupita kiwango, mfugaji analipwa. Mwaka wa RVF majani yanakuwa ya kumwaga maana mvua imenyesha! Bima ya ukame haitakulipa siku hiyo.

Tanzania, 2023 kampuni za bima ziliungana kuweka bima ya kilimo na mifugo pamoja. Ukifikiria kukata, uliza maswali matatu kabla ya kusaini: Je, inalipa kifo cha ugonjwa? Magonjwa gani hayamo? Je, mnyama lazima awe amechanjwa na kuwekewa hereni? Jibu la "tutaangalia" si jibu.

Halafu kuna mikopo ya halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu. Ilisimamishwa 2023, ikarudi 2024. Haina riba, na vikundi vingi vya vijana huchukua kwa ajili ya kuku au nguruwe. Vijana wenzangu, homa ya nguruwe ya Afrika haina tiba, na chanjo yake hapa kwetu si kitu cha kwenda kununua duka la dawa za mifugo. Ikiingia bandani inaweza kumaliza banda zima ndani ya siku chache. Deni litabaki palepale. Kutokuwa na riba hakumaanishi kusamehewa.

6. SASA UFANYE NINI?

- Chanja kabla ya msimu. Mia tano ya leo ni ndogo kuliko bei ya ng'ombe.
- Tunza kumbukumbu: daftari la idadi, tarehe za chanjo, risiti, namba za hereni. Siku msaada wowote ukija, asiye na ushahidi anaanzia nyuma ya mstari.
- Mifugo ikitupa mimba kwa wingi, toa taarifa kwa afisa mifugo wa kata siku hiyohiyo. Usichinje "kuokoa nyama". Usiguse mimba iliyotoka bila kinga mikononi. Maziwa yachemshwe.
- Mtu akipata homa kali baada ya kushika mnyama mgonjwa, apelekwe hospitali na daktari aambiwe kuhusu huyo mnyama. Wengi wanatibiwa malaria kwa sababu hawakusema.
- Mnada ukifungwa, nendeni kama kikundi kwa aliyewakopesha mkaombe kuongezewa muda KABLA hamjaanza kuchelewesha marejesho. Ombeni barua ya halmashauri inayoonyesha tarehe ya karantini, hiyo ndiyo ushahidi wenu.
- Kwa anayefuga kwa mkopo: usiweke mkopo wote kwenye aina moja ya mnyama.

MWISHO

Mimi si daktari wa mifugo na sina degree, ila hesabu hii haihitaji degree. Serikali inataka mfugaji aripoti ugonjwa mapema. Akiripoti, malipo anayopata ni kufungiwa soko. Akinyamaza, anaweza kuuza leo na kulipa ada kesho. Unadhani atachagua nini?

Kama kweli tunataka karantini iheshimiwe, basi na iwe na kitu ndani yake kwa ajili ya yule aliyefungiwa: marejesho ya mkopo yasogezwe kwa barua rasmi, chakula cha mifugo kipunguzwe bei kwa muda ule, na mtoto wake asirudishwe shule wakati mnada umefungwa na serikali yenyewe. Hayo hayahitaji bilioni za Uingereza. Yanahitaji yaandikwe mapema, kipindi hiki ambapo hakuna ugonjwa. El Niño itarudi tu.

Wenye mifugo nyumbani, mnada ulipofungwa kwenu mlifanyaje? Semeni, tujifunze.

Nawasilisha.