Farasi wa 1921

Ukicheza chesi Nairobi wikendi mbili tatu, utakutana naye tu. Umesukuma askari wa mbele ya mfalme hadi e4, umegonga saa, na kijana aliyekaa mbele yako, bado na sweta ya shule, anatoa farasi hadi f6. Basi. Katikati ya ubao hajapagusa. Ni kama anakuambia: si unanitaka? Nifukuze.

Mimi nilimfukuza. Ilikuwa raundi ya mwisho, Jumapili jioni katikati ya jiji, na ushindi ungenirudishia kiingilio pamoja na nauli ya 46 kwenda Kawangware kwa wiki kadhaa. Nikasukuma e5, farasi akaruka d5. Nikaweka d4, naye d6. Nikaongeza c4, farasi akarudi b6. Halafu f4. Askari wangu wanne walikuwa wamejipanga kama kanjo waliofunga barabara. Lakini hawka wa Nairobi hagombani na kanjo. Anakunja turubai, anaingia uchochoroni, anangoja. Kufikia hatua ya ishirini askari wangu wawili walikuwa wameliwa na wa tatu hana mlinzi.

“Pole, anko,” kijana akasema. “Ulikuwa na haraka.”

Ujanja huu una tarehe. Mwaka 1921, mjini Budapest, Alexander Alekhine, Mrusi aliyekuwa ametoka nchini mwake mwaka huo huo, aliucheza dhidi ya Endre Steiner na Fritz Sämisch, na mpaka leo unaitwa kwa jina lake. Kabla ya hapo mwalimu mkuu alikuwa Siegbert Tarrasch: shika katikati kwa askari, mengine yatafuata. Kina Aron Nimzowitsch, Richard Réti na Gyula Breyer wakakataa. Mwache apashike, walisema, kisha umshambulie ukiwa mbali, maana askari wengi mbele ni mzigo wa kulindwa. Breyer alifariki 1921, akiwa na miaka 28 tu. Réti alifika New York 1924 na kumpiga bingwa wa dunia, José Raúl Capablanca, ambaye hakuwa ameshindwa kwa miaka minane.

Sasa wewe mwenye weupe unafanyaje? Unaweza kubadilishana askari pale d6 na kuishi kwa amani. Unaweza kusukuma wote wanne, na kusema kweli si mpango mbaya, ila unadai mtu aliyesoma. Mimi hurudi nyumbani saa mbili usiku. Yule kijana amekariri njia zote. Au unaacha kufukuza baada ya d4 na kutoa farasi wako f3. Usidhani hiyo ni dawa, lakini. Reykjavik, 1972, mchezo wa 13, Boris Spassky alicheza hivyo hivyo na Bobby Fischer akamshinda baada ya hatua 74.

Tulikutana tena Westlands, kijana yule yule. Farasi f6. e5, d5. d4, d6. Mkono wangu ukaenda wenyewe kwa askari wa c, ukasimama hewani. Nikatoa farasi f3. Akainua macho, akanitazama, akachukua dakika sita nzima kabla ya kujibu.

Tulitoka sare saa moja usiku. Kiingilio hakikurudi.