Nani Anamjibu Mgeni? Safari ya Kufundisha Kiswahili cha Mazungumzo

Mwaka 1887, Ujerumani ikiwa imekwisha kutia mguu Afrika Mashariki, chuo cha lugha za mashariki kilifunguliwa mjini Berlin. Kiswahili kilifundishwa hapo kwa shabaha isiyo ya kinadharia hata kidogo: maofisa, wafanyabiashara na wamisionari wafike pwani wakiwa wanaweza kuzungumza na watu. Vitabu havikukosekana. Ludwig Krapf alikwishatoa sarufi yake mwaka 1850, na Edward Steere mwongozo wake wa Kiswahili cha Unguja mwaka 1870. Kilichokosekana ni mtu wa kumjibu mwanafunzi pale anapofungua mdomo.

Chuo cha Berlin kiliigawa kazi mara mbili. Profesa Mjerumani alieleza sarufi, na pamoja naye alikuwepo mwalimu msaidizi, mwenyeji wa lugha, aliyewazoeza wanafunzi matamshi na mazungumzo. Sleman bin Said kutoka Unguja aliifanya kazi hiyo, kisha akaja Amur bin Nasur, naye wa Unguja. Maelezo ya Amur kuhusu maisha yake Ujerumani yalitiwa katika mkusanyo wa maandishi ya Kiswahili uliotolewa na C. G. Büttner mwaka 1894. Mjerumani aliyejifunzia lugha kwenye kurasa hizo aliisoma Berlin yake kwa macho ya Mzanzibari.

Aliyeacha alama kubwa zaidi ni Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa upande wa Bagamoyo, aliyefika Berlin mwaka 1900. Maandishi yake ndiyo uti wa mgongo wa kitabu cha desturi za Waswahili alichochapisha Carl Velten mwaka 1903. Heshima ya mwalimu, hata hivyo, hakuipata kwa kiasi kilekile. Mwaka 1905 aliacha kazi baada ya mvutano uliotokana na dharau ya wanafunzi. Alifariki Berlin mwaka 1927. Jina lake lilikuja kusimama katika anwani ya kitabu chenyewe mwaka 1981, ilipochapishwa tafsiri ya Kiingereza iliyoandaliwa na J. W. T. Allen.

Huko Afrika Mashariki, chini ya Waingereza, ofisa wa serikali alikuwa na mtihani wa Kiswahili wa kuuvuka. Setla wa Kenya hakuwa na mtihani wowote, na mashambani kikazuka Kiswahili cha amri, maarufu kwa jina la Kisetla: leta hiki, ondoa kile, fanya upesi. Vilikuwepo hata vijitabu vya kumsaidia bwana shamba na mkewe kutoa amri hizo. Lugha ya namna hiyo ilimtosha msemaji kwa sababu hakutarajia jibu refu kuliko “ndiyo, bwana”. London nako, E. O. Ashton alitoa mwaka 1944 sarufi iliyosomesha vizazi vya wageni, na akaingiza ndani yake somo la kiimbo, jambo linaloonyesha kwamba alikuwa akiisikiliza lugha inavyosemwa. Hata hivyo, mwanafunzi aliyeifuata kuanzia mwanzo hadi mwisho alitoka akizimudu ngeli vizuri kuliko salamu.

Mabadiliko makubwa yalitokana na vita. Katika Vita Kuu ya Pili, jeshi la Marekani lilihitaji kwa haraka watu wanaosema lugha za mbali, likawaweka wanaisimu na wenyeji wa lugha katika darasa moja. Mtindo huo uliingia katika chuo cha wizara ya mambo ya nje karibu na Washington, na mwaka 1963 chuo hicho kikachapisha kozi ya Kiswahili yenye majina matatu ya waandishi: E. W. Stevick, J. G. Mlela na F. N. Njenga.

Stevick aliendelea kutengeneza masomo ya mizunguko mifupi. Mwanafunzi hufundishwa swali moja, kwa mfano “Unatoka wapi?”, pamoja na majibu machache, na kuyaiga mpaka ulimi uzoee. Papo hapo humgeukia mwenzake na kumwuliza kwa kutaka kujua kweli. Mzunguko haujakamilika mpaka mtu aambiwe jambo asilolijua.

Wakati huohuo, vijana wa Peace Corps, shirika la kujitolea la Marekani, walikuwa wakipelekwa Tanganyika tangu mwaka 1961, kufanya kazi miongoni mwa watu waliotaka kuzungumza nao. Huko ndiko upungufu wa sarufi peke yake ulikoonekana waziwazi. Mgeni anaweza kupatanisha ngeli zote bila kosa, kisha akamsalimu mzee kwa “Mambo?” badala ya “Shikamoo”. Sentensi yake ni sahihi, naye ameharibu. Mwanaanthropolojia Dell Hymes aliipa hoja hiyo msingi wa kitaaluma katika makala yake ya mwaka 1972: kuijua lugha ni pamoja na kujua nani aambiwe nini, lini na vipi.

Upimaji nao ukabadilika. Chuo cha Washington kilikuwa kimebuni kipimo cha ngazi 0 hadi 5 kinachotegemea mahojiano ya ana kwa ana. Mwaka 1986 baraza la walimu wa lugha za kigeni la Marekani lilitoa miongozo yake iliyotokana na fikra hiyo, na walimu wa Kiswahili katika vyuo vikuu wakaifuata. Huko Unguja, Taasisi ya Kiswahili na Lugha za Kigeni (TAKILUKI), ambayo leo ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA), imewapokea wanafunzi wa kigeni wanaotoka darasani na kuingia moja kwa moja sokoni na barazani.

Sasa zamu ni ya shule. Mwaka 2018 Afrika Kusini ilitangaza kwamba Kiswahili kitakuwa somo la hiari katika shule zake kuanzia mwaka 2020, na Baraza la Kiswahili la Taifa la Tanzania (BAKITA) limekuwa likiwanoa walimu wa kufundisha wageni. Lakini mazingira ya shule ni tofauti na ya chuo cha Washington, ambako mwanadiplomasia hutengewa takriban wiki 36 za darasani. Mwalimu wa shule ana vipindi vichache kwa juma, darasa kubwa, na mara nyingi mtihani wa kuandika unaomsubiri mwisho wa mwaka. Kila kipindi humlazimu kuchagua kati ya jedwali la ngeli na dakika 20 za wanafunzi kuulizana, ilhali karatasi ya mtihani hulipima lile la kwanza tu.