Shule 75 za Busia na Kidonge cha Minyoo

Hadithi ya kidonge cha minyoo cha Busia, magharibi mwa Kenya, husimuliwa kwa ufupi uleule kila mara: watoto walipewa dawa ya bei nafuu, utoro shuleni ukapungua kwa robo. Tangu utafiti huo uchapishwe mwaka 2004, umetajwa kwenye hotuba, ripoti za wafadhili na mihadhara ya uchumi katika nchi nyingi, na serikali zimeutegemea kupanga bajeti. Jambo likirudiwa sana, watu huacha kuuliza lilikotoka. Mimi nilitaka kujua jambo dogo kwanza: ni nani aliyewahesabu hao watoto?

Nilianza na rejista. Niliteremka kutoka mji wa Busia hadi Budalangi, mahali Mto Nzoia unapoingia Ziwa Victoria, nikitafuta madaftari ya mahudhurio ya mwaka 1998 na 1999. Katika shule ya kwanza nilifunguliwa kabati la chuma lenye mafaili ya miaka ya karibuni tu. Katika nyingine, mwalimu mstaafu aliyeketi chini ya mwembe alinitazama kwa huruma. "Hizo zilienda na maji, mwanangu," akasema. Bonde lile hufurika, na karatasi haziogelei. Niliporudi kwenye ripoti ya utafiti yenyewe ndipo nikaona kwamba hata kama ningezipata, zisingenifikisha mbali, kwa sababu watafiti hawakuziamini rejista za shule kuwa kipimo. Basi mahudhurio yalipimwaje?

Yalipimwa kwa kushtukiza. Mtu alifika shuleni siku ambayo haikutangazwa, akiwa na orodha ya majina, akaingia darasa baada ya darasa na kutia alama kwa aliyepo na asiyepo. Alirudi tena siku nyingine, na nyingine, mwaka mzima. Hapo mwalimu hana nafasi ya kujaza rejista ili shule ionekane vizuri, wala mtoto hawezi kuitwa mbio kutoka shambani. Kazi hiyo inachosha, na nadhani ndiyo sehemu ya utafiti inayostahili heshima kubwa kuliko zote. Lakini hesabu safi ya shule moja haitoshi kitu. Inalinganishwa na nini?

Hapo nilikutana na kisa cha zamani kidogo, cha eneo hilohilo. Kabla ya suala la minyoo, watafiti waliuliza kama chati za ukutani za sayansi, hesabu na ramani huinua alama za wanafunzi. Walipolinganisha shule zilizokuwa na chati tayari na zile zisizokuwa nazo, zenye chati zilikuwa mbele kwa kiasi kikubwa. Mradi ungeweza kutangazwa umefaulu, na pesa zaidi zikaombwa. Kisha wakachukua shule 178, nusu yake, yaani 89, zikachaguliwa kupewa chati bila kuangalia ubora wa shule. Safari hii tofauti haikuonekana. Shule iliyojinunulia chati huenda ilikuwa na mwalimu mkuu mwenye bidii au wazazi wenye uwezo, na sifa zao zikaangukia kwenye karatasi ukutani. Miradi mingapi imesifiwa kwa kosa la namna hiyo?

Kwa hiyo katika mradi wa minyoo shule 75, zenye wanafunzi zaidi ya 30,000, ziligawanywa katika makundi matatu ya shule 25. La kwanza lilianza kupewa dawa mwaka 1998, la pili 1999, la tatu 2001. Hakuna shule iliyonyimwa kabisa. Zilisubiri zamu, na waliosubiri ndio waliokuwa kipimo cha waliotangulia. Masimulizi ya kawaida husema zamu zilipangwa kwa kura. Nilipousoma utaratibu wenyewe sikuona kura ya aina ya kuchomoa karatasi kutoka kwenye kofia. Shule zilipangwa kitarafa na kwa misaada mingine zilizokuwa zikipata, zikaorodheshwa kwa alfabeti, kisha kila ya tatu ikaingia kundi moja. Ni utaratibu mzuri, na makundi yalifanana kwa mambo mengi kabla ya dawa kutolewa. Lakini orodha ya alfabeti si kura, na msimulizi mwaminifu angesema hivyo. Je, ni kitu gani kingine kilichorahisishwa njiani?

Mvua. Kabla ya dawa, wanafunzi 92 kati ya 100 waliopimwa walikuwa na aina moja au zaidi ya minyoo, na 37 kati ya 100 walikuwa na maambukizi ya wastani au mazito. Mwanzoni mwa 1999, katika shule zilizokwisha kupewa dawa kiwango cha maambukizi hayo ya wastani au mazito kilikuwa asilimia 27. Katika zile zilizokuwa zikisubiri kilifika 52. Ona jinsi wanaosubiri walivyopanda juu kuliko hali ya mwaka uliotangulia. Mafuriko ya El Niño yalikuwa yamepita hapo, na udongo uliolowa huhifadhi mayai ya minyoo. Mtu aliyelinganisha shule zilezile kabla na baada ya dawa angeona nafuu ndogo tu. Aliyezilinganisha na jirani zake wa mwaka uleule aliona nafuu kubwa. Lakini matokeo ya mwaka wa mafuriko, kando ya ziwa lenye kichocho, yanaweza kubebwa hadi wilaya kavu yenye minyoo michache?

Kuna jambo lililonishika zaidi. Wasichana wenye umri wa miaka 13 na zaidi hawakupewa dawa, kwa hofu ya madhara iwapo wangekuwa wajawazito. Hata hivyo, katika shule zilizopewa dawa, wasiomeza kidonge nao walihudhuria zaidi kuliko wenzao wa shule zilizosubiri. Maelezo yanaingia akilini: mtoto akitibiwa, mayai hupungua chooni na uwanjani, na anayecheza naye hunusurika. Ndiyo sababu ilibidi shule nzima ichukuliwe kama kitu kimoja. Ukimpa dawa mtoto mmoja na kumnyima jirani yake wa dawati, wote wawili hupata nafuu, nawe unaandika kwamba dawa haikufanya kazi. Sasa nafuu hiyo ya jirani hufika umbali gani?

Hapa masimulizi yaliteleza. Makala ya kwanza ilidai nafuu ilifika hata shule zilizo umbali wa kilomita 3 hadi 6. Miaka karibu kumi baadaye data na hesabu za kompyuta zilikabidhiwa kwa wachambuzi wengine, nao wakakuta kosa: programu ilikuwa imezihesabu shule 12 tu zilizo karibu zaidi, badala ya zote. Kosa liliporekebishwa, nafuu ya mbali ikatoweka. Ya karibu, na ongezeko la mahudhurio katika shule zenyewe, vikabaki. Uchambuzi mwingine, uliochapishwa mwaka 2015, ulitenganisha miaka miwili badala ya kuiunganisha, na ushahidi wa mahudhurio ukadhoofika. Mabishano yakawa makali kiasi cha kuitwa vita vya minyoo. Mimi naona heshima kwa upande uliofungua mafaili yake: kosa lilionekana kwa sababu tu data zilitolewa. Ni miradi mingapi ya umma ingeweza kukaguliwa hivyo leo?

Na mitihani? Alama hazikupanda. Si katika makala ya kwanza, wala katika uchambuzi uliofuata. Mtoto alifika darasani, lakini alichojifunza hakikuonekana kwenye karatasi. Kisha mwaka 2021, zaidi ya miaka 20 baada ya kidonge cha kwanza, ikachapishwa hesabu nyingine: waliopata dawa kwa miaka zaidi walikuwa na matumizi ya kaya yaliyozidi ya wenzao kwa asilimia 14, na kipato cha saa kilichozidi kwa asilimia 13. Nafuu hiyo ilipitia njia gani, ikiwa haikupitia mtihani?

Njia hiyo sikuipata, na sitaibuni. Nilichokipata ni jambo moja lisilopata nafasi kubwa kwenye hotuba. Mwaka 2001 baadhi ya shule, zilizochaguliwa kwa nasibu, ziliambiwa familia zichangie dawa, nyingi kwa shilingi 30, nyingine kwa 100. Katika shule zilizoendelea kupewa bure, wanafunzi 75 kati ya 100 walimeza dawa. Katika zile zilizotozwa, walimeza 19. Msimamo wangu ni huu: palipo na minyoo mingi, dawa itolewe bure, kwa sababu mtoto mgonjwa anatibiwa, na mzazi asiahidiwe kwamba itapandisha alama za mtihani, maana hilo halijaonekana.