Kompyuta ya zamani: mambo ya kujua mbele ya kununua memori

Kompyuta ya miaka 15 haiko lazima itupwe. Mara nyingi kinachoichokesha ni udogo wa memori, ni kusema RAM, fasi mashini inaweka kazi inayofanya kwa saa ile. Ikijaa, mashini inahamishia kazi kwenye diski ngumu, ambayo ni ya polepole sana. Kuongeza bareti ya memori kunasaidia, lakini feza inaweza kupotea bure kama mwenye mashini hakuchunguza mambo matatu.

Aina ya bareti. DDR2, DDR3 na DDR4 haziingiliane: kila moja iko na pengo lake fasi yake. Kulazimisha ni kuvunja. Bareti ya laptopu ni fupi kuliko ile ya kompyuta ya mezani. Njia rahisi ni kutoa bareti ya zamani na kwenda nayo kwa muuzaji.

Kipimo cha mashini yenyewe. Mfano ni ThinkPad T60 ya mwaka 2006: hata ikiwekwa GB 4, inatumia karibu 3 tu. Hakuna programu inayoweza kurekebisha ile.

Mfumo wa kompyuta. Mfumo wa biti 32 unahesabu mpaka GB 4, na Windows ya biti 32 mara nyingi inatumia 3 na kitu. Kwa kujua, finya Windows pamoja na Pause: mashini itaonyesha memori yake na kama ni biti 32 ao 64.

Memori peke yake haitoshe. Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft ilisimamisha msaada wa kawaida kwa Windows 10. Windows 11 nayo inadai kichipu cha usalama TPM 2.0, ambacho mashini nyingi za mbele ya 2014 hazina. Mwenye kuweka hesabu za duka ao majina ya wagonjwa kwenye mfumo ambao matundu yake hayazibwe tena, anaviweka hatarini.

Njia ya bure ni Linux. Kwa mashini ya biti 64, kuko Lubuntu na Linux Mint ya Xfce. Kwa biti 32, chaguo zimepunguka: Debian 13, ya Agosti 2025, haisimikwe tena kwenye mashini hizo, lakini Debian 12 itapata marekebisho ya usalama mpaka Juni 2028. antiX nayo ni nyepesi. Hata hivyo, kurasa za intaneti zinabaki nzito: GB 1 inatosha kuandika barua, haitoshe kufungua video na kurasa kumi.

Mbele ya kufuta Windows, nakili faili zote kwenye diski ingine, kisha jaribu Linux kutoka kwenye fleshi bila kuisimika. Fleshi moja inaweza kuzunguka kwa majirani, hata fasi intaneti ni bei.

Siku ya kufungua mashini: izime, toa chaja na betri, gusa chuma kwanza ili umeme wa mwili utoke, kisha sukuma bareti mpaka ifunge. Mwishoni, iache programu Memtest86+ ipime usiku mzima. Ikionyesha makosa, badilisha ile bareti mbele ya kuanza kazi, juu memori mbovu inaharibu faili kimyakimya.