Maili sifuri iko wapi? Hadithi ya mawe yanayohesabu njia

Leo tuweke programu na hifadhidata kando kidogo, tuzungumze mawe. Msikimbie lakini, maana hili nalo ni suala la data.

Tunasema kutoka Nairobi hadi Meru ni kama kilomita 230. Sawa, lakini zimeanza kuhesabiwa wapi? Steji ya Tea Room? Stesheni ya reli? Ukishaandika programu hata moja unajua kwamba namba isiyo na mahali pa kuanzia haina maana.

Wafalme wa Mughal kule India walilijua hilo mapema. Kando ya barabara zao kuu, kama ile ya Agra hadi Lahore, walijenga minara ya matofali na chokaa iitwayo kos minar, mmoja kila kos. Kos moja ni kilomita 3 na kitu, na mnara ulifika mita 9 hivi ili msafiri auone kwa mbali. Kwa hesabu hiyo, safari yetu ya Nairobi hadi Meru ingekuwa na minara 70 hivi! Mingi ilibomoka, lakini iliyobaki inalindwa na sheria, na mmoja uko ndani ya bustani ya wanyama ya Delhi.

Sasa turudi nyumbani. Reli ya Uganda ilijengwa kuanzia 1896 hadi 1901, na vibarua zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka India, wengi wao Punjab, nchi ya minara hiyohiyo. Reli nayo ilihesabiwa kwa maili kutoka Mombasa. Nairobi ilipofikiwa mwaka 1899 ilikuwa kama maili 327 tu, kinamasi bila mji. Na kwenye reli ya Magadi, huko Kajiado, pako mahali panaitwa Mile 46 mpaka leo.

Barabara nazo zina alama yao. Nairobi, pale Kenyatta Avenue inapokutana na Koinange Street, kuna mnara uliojengwa 1939 kumkumbuka Lionel Douglas Galton-Fenzi, mwanzilishi wa chama cha wenye magari Afrika Mashariki, aliyeendesha gari hadi Mombasa mwaka 1926 wakati njia yenyewe ilikuwa vichaka na mito. Mnara huo unaonyesha umbali wa miji mbalimbali kutoka pale uliposimama. Hiyo ndiyo maili sifuri yetu. Maelfu hupita hapo kila siku bila kuinua macho.

Kisha Kenya ikahamia kilomita kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960. Jiwe la maili likakosa kazi. Na kitu kisicho na kazi kando ya barabara, tingatinga la kupanua barabara halikiulizi jina.

Kilichobaki mara nyingi ni jina peke yake. Karibu na Eldoret kuna Maili Nne na Maili Tisa. Kibaha, Tanzania, kuna Maili Moja. Jiwe likipotea, jina linabaki kama kiungo cha wavuti kinachoelekeza kwenye ukurasa uliofutwa: unajua kulikuwa na kitu, hujui kilisimama wapi.

Sheria tunayo, ile ya makumbusho na turathi ya 2006. Lakini sheria hailindi kitu ambacho hakuna aliyekiorodhesha, na hapo ndipo sisi wa tarakilishi tunaingia. Ukiona jiwe la zamani la maili, lipige picha, chukua majira yake kwa GPS, soma maandishi yote, kisha liweke kwenye OpenStreetMap kwa lebo ya historic=milestone. Usiling'oe kulipeleka mahali salama: jiwe la maili likihamishwa linageuka kuwa jiwe linalosema uongo.

Ni kazi ya dakika 5. Tingatinga linahitaji pungufu ya hapo.