Kuvua kwa chambo cha manyoya

Tafsiri ya haraka ya "fly fishing" ni "uvuvi wa nzi", na kwa msomaji wa Tiira, mji wa Uganda ulio karibu na mpaka wa Kenya, haisemi kitu. Nzi anayemjua ni wa sokoni na jalalani, na hakuna anayemvua. Hata akielezwa kwamba nzi ndiye chambo, bado atapotea, kwa kuwa kwenye ndoano hiyo hakuna mdudu wa kweli. Kilichopo ni manyoya, nywele za mnyama na nyuzi, vimeviringishwa na kukazwa mpaka ndoano ifanane na mdudu wa majini au kisamaki kidogo. Waingereza walikiita nzi kwa sababu wadudu warukao juu ya mito yao ndio walioigwa. Sisi hatulazimiki kurithi jina hilo. Napendekeza chambo cha manyoya, kwa kuwa manyoya kwetu ni ya jogoo na ya kondoo pia, na mafundi wa chambo hiki hutumia yote mawili.

Kuna jambo la pili ambalo tafsiri ya haraka inalificha, nalo ni uzito. Anayevua kwa mshipi wa kawaida hufunga chubwi la risasi, na chubwi ndilo linaloupeleka mshipi mbali na kuuzamisha. Chambo cha manyoya ni chepesi mno, hakirushiki. Uzito basi umo katika mshipi wenyewe, ambao ni mnene, umevikwa plastiki, na hupewa namba kufuatana na uzito wa mita 9 za mwanzo. Mvuvi akiurudisha ufito, mshipi hunyooka hewani nyuma yake. Akiupeleka mbele, hukunjuka juu ya maji, na uzi mwembamba ulioungwa mwishoni hukitua chambo taratibu. Namba 5 inamtosha mvuvi wa samaki aitwaye trauti. Kwa kibebe, kama wavuvi wa Ziwa Tanganyika wanavyomwita samaki mmoja wa meno makali, hutakiwa 8 au 9, na kipande cha waya mbele ya ndoano ili uzi usikatwe.

Anayewapeleka wageni mtoni namwita mwongoza wavuvi, kwa mfano wa mwongoza watalii. Sikulichagua neno kiongozi, kwa sababu kiongozi hutangulia na wengine wakamfuata, ilhali huyu husimama ubavuni mwa mgeni akimwonyesha wapi pa kutua chambo.

Mafunzo yake wengi huyadhani ni ya kurusha mshipi. Kurusha ni sehemu ndogo. Kazi kubwa ni kuujua mto: mkondo unapopungua nyuma ya jabali, ukingo uliomomonyoka chini, mahali samaki anapoweza kutulia bila kuchoka huku chakula kikimjia. Mwanafunzi hufundishwa kupindua mawe na kutazama kilichoshikilia chini yake. Wapo viluwiluwi wenye mikia mitatu ambao watapanda juu na kuota mabawa. Wapo wengine wanaojijengea ala ya chembe za mchanga. Chambo cha siku hiyo huchaguliwa kwa kufuata hao. Mwanafunzi hujifunza pia huduma ya kwanza, kuvuka maji yenye nguvu, na kumwachia samaki akiwa mzima: ndoano isiyo na kijino, mikono iliyoloweshwa, samaki asitolewe majini kwa muda mrefu.

Afrika Mashariki ina historia ndefu ya uvuvi huu. Mwaka 1905 mlowezi Mwingereza Ewart Grogan alileta trauti wa kahawia kutoka Scotland na kuwatia katika Mto Gura, milima ya Aberdare nchini Kenya. Trauti wa upinde wa mvua wakafuata mwaka 1910 kutoka Afrika Kusini. Siku hizi, wanaovua kibebe kwa manyoya huja kutoka mbali hadi mito ya Mnyera na Ruhudji, Tanzania, ambako mwongoza wavuvi lazima awajue viboko na mamba sawasawa na samaki.

Nawapa watu wa Tiira nafasi katika makala haya kwa sababu ya samaki wa kwao wenyewe. Mto Sio, unaoufuata mpaka wa Kenya na Uganda na kuingia Ziwa Victoria, ni maji ya ningu, ambaye hupanda mto mvua zikinyesha. Katika mito iingiayo ziwa hilo yumo pia kisinja, ambaye Wajaluo humwita fwani: samaki mwenye nguvu, mlaji wa wadudu, na kwa hiyo anayeweza kudanganywa kwa manyoya bila haja ya kuleta trauti wa ugenini.

Lakini Tiira ni mji wa dhahabu. Udongo unaochimbwa na kuoshwa huishia vijitoni, tope likafunika mawe, na zebaki inayotumika kunasa dhahabu hufuata njia hiyo hiyo. Wale viluwiluwi wa mikia mitatu ni miongoni mwa viumbe wa kwanza kutoweka maji yakichafuka, ndiyo maana wataalamu huwahesabu wanapotaka kujua hali ya mto. Kijana wa Tiira akifundishwa kazi hii, somo la kupindua mawe litamfanya awe pia mpimaji wa mto wake, na ningetaka alipate somo hilo kabla hajakabidhiwa ufito.